Kengele Chini ya Jabali

Jumatano, 10 Septemba 1851

Darasa la kipaimara leo — hovyo kabisa. Siku kumi na moja tu zimebaki kabla mchungaji hajavuka fyordi, ule mkono wa bahari, kuja kuwahoji watoto, na Gudny binti Ragnfrid bado amekwama kwenye amri ya nne. Waheshimu baba yako na mama yako... halafu kimya. Mwaka wa tatu huu! Msichana wa miaka kumi na saba, amebanana benchi moja na watoto wa kumi na nne. Asiyepata kipaimara haolewi, haandikwi kazi, si mtu mzima. Anajua. Nami najua.

Nikachoka. Nikawaambia wengine kwamba huyu hakuzaliwa na Ragnfrid, ni matroli, mazimwi ya mlimani, walimwiba mwanawe akiwa mchanga wakamlaza zimwi la kwao mahali pake. Darasa likacheka. Laiti ningeishia hapo! Nikaongeza: "Hebu geuka, tuuone mkia."

Akageuka.

Hakulia. Aligeuka polepole, akasimama ametupa mgongo mpaka nilipomwambia aketi. Nami nilicheka pamoja nao. Ulimi hauna mfupa.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi yote juu ya paa la kanisa, napaka lami kabla ya baridi; hapa mwalimu ndiye mtunza kanisa pia. Nikamwona Gudny chini. Alipaswa kuwa malishoni na ng'ombe, upande wa magharibi. Yeye alikuwa ameshika njia ya mashariki, ile inayopanda mpaka juu kabisa na kushukia bonde la pili. Furushi mgongoni. Viatu mkononi, kama mtu anayetunza soli kwa safari ndefu.

Akainua uso, akaniona. Nikachovya brashi kwenye lami.

Ningemwita angesikia. Sikumwita.

Jumamosi, 13 Septemba

Ng'ombe wa Ragnfrid walishuka wenyewe jana jioni, viwele vimejaa. Leo wamekipata kitambaa cha kichwa cha Gudny chini ya jabali la magharibi, pale anapochungia kila siku; angeweza kukidondosha siku yoyote. Basi! Kijiji kizima kimeshapata jibu: amechukuliwa. Zimwi limemwingiza mlimani.

Walikuja shuleni kwangu. Tarald, jirani yake Ragnfrid, ndiye msemaji — huyo hata mazishini hakosi mzaha. Anasema troli akitaka mke hachagui sana, maana naye pua yake ni ndefu kama mpini wa shoka. Ragnfrid hakucheka. Mjane yule, hana mwingine. Akaniuliza mimi:

"Mwalimu, wewe umesoma. Wewe unasemaje?"

Wote wakaniangalia. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: nimemwona, alikwenda mashariki. Lakini wangeuliza kwa nini amekimbia. Na watoto wao walikuwepo Jumatano.

Nikasema, "Yawezekana."

Neno moja. Naliandika hapa nalitazama. Yawezekana!

Jumapili, 14 Septemba

Nimepiga kengele tangu asubuhi. Zimwi haliwezi kuvumilia kengele ya kanisa, hilo kila mtu hapa amenyonya na maziwa ya mama. Likiisikia sana humwachia mtu. Lakini sauti haifiki jabalini. Kwa hiyo wameamua kuiteremsha kengele na kuibeba mpaka kule. Mimi ndiye mpiga kengele, kwa hiyo nami niende. Masharti ni yale ya mababu: ikianza kulia isinyamaze mpaka atoke. Ikinyamaza, mlima unafunga.

Theluji ya kwanza imeanguka juu ya njia ya mashariki. Nusu ya mlima ni nyeupe. Naiona kutoka dirishani. Nimefunga pazia, mtu mzima mimi!

Jumatatu, 15 Septemba

Wanaume sita, miti miwili, kengele katikati. Tarald kainama chini ya mti anahema: "Zimwi lenyewe lingekuwa Mkristo lingekuja kutusaidia." Tukaitundika kwenye magogo matatu mbele ya jabali. Nikaanza. Tunapokezana kamba, kazi haisimami.

Ragnfrid amekuja na sketi nzuri ya Gudny, ile aliyomshonea kwa ajili ya kipaimara. Eti huko ndani watakuwa wamemvua nguo zake. Ameweka mdomo kwenye ufa wa mwamba, anaita:

"Gudny! Usile chakula chao, mwanangu! Hata wakikupa krimu, usile! Mama yuko hapa!"

Halafu anaweka sikio. Halafu anaita tena.

Mikono yangu imechubuka. Nafurahi imechubuka. Upuuzi gani huu — najipa adhabu ndogo niliyoichagua mwenyewe, na yeye yuko kwenye theluji.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemwambia. Sikuweza tena.

Tarald alikuwa kwenye kamba, wengine wanakula mkate mkavu na jibini. Nikamvuta Ragnfrid kando, nyuma ya mwamba. Nikamwambia yote: mkia, kucheka, paa, furushi, njia ya mashariki. Sikujipunguzia kitu. Nilingoja anitemee mate. Ningeshukuru.

Akauliza, "Siku gani?"

"Ijumaa, Mama Gudny."

"Alivaa viatu?"

"Alivishika mkononi."

Akageuka kutazama mashariki. Akahesabu kwa vidole, nikaviona: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, leo. Akarudia tena kuhesabu. Kisha akaniambia, wala hakupandisha sauti:

"Mlimani kwa matroli kuna moto, Mwalimu. Kuna kitanda. Huko mashariki kwako kuna nini?"

Nikatazama theluji kule juu.

"Basi yuko humu ndani. Na wewe nyamaza, kama ulivyojua kunyamaza."

Akaenda, akamnyang'anya Tarald kamba. Anapiga yeye sasa.

Nimekaa juu ya jiwe, daftari gotini. Nafikiri hivi: kuna vibanda vya wachunga ng'ombe kule juu, huenda amejisitiri kwenye kimoja. Huenda! Wanaume sita wenye miguu mizima wamekaa hapa wanatafuna jibini. Wakiondoka sasa watafika juu kabla ya giza. Lakini wakiondoka hakuna wa kumpokea kamba, na kengele ikinyamaza, kwa Ragnfrid ni mimi nitakuwa nimemfungia mwanawe mlimani.

Hata hivyo nimeinuka. Nikamwendea Tarald nikamwambia kwamba nilimwona Gudny, Ijumaa, njia ya mashariki. Ragnfrid akatuona. Akavuta kamba kwa mwili wake wote, mpaka magogo yakalia. Tarald akaweka kiganja sikioni.

"Unasemaje, Mwalimu?"

Nikasema, "Hakuna. Nasema baridi leo."

Nimerudi kwenye jiwe. Tarald hajagusa mkate wake. Bado ananitazama, kisha anatazama njia ya mashariki —