Neno Nililomfasiria Baba

Kinyangiri, Mkalama
14 Juni 2024

Dada Loyce,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Mkiwa, wewe, shemeji na watoto. Huku mtama tumeshavuna na wanangu wazima. Ila baba hayuko sawa, na sababu ni mimi. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningeishia njiani.

Unajua pampu ya kisima iliharibika tangu Februari, na baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Watu walipeleka malalamiko wilayani kwamba hataki kamati ichaguliwe upya. Gazeti moja la Kiingereza likaandika habari hiyo, likamwita baba “embattled”. Alikuja nalo kwangu, akaweka kidole juu ya neno lile, akaniuliza mimi mwalimu wa Kiingereza nasemaje.

Nilimwambia ni mtu aliyejipanga tayari kwa vita. Nikamweleza na asili yake, kwamba lilitoka kwa Wafaransa wa kale, waliposema juu ya kupanga askari safu kwa safu kabla ya mapigano. Alifurahi sana, dada. Alinitaka nilitamke mara tatu ili alishike.

Kwenye mkutano wa kijiji akasimama, akasema hata gazeti limemtambua, yeye ni “embatodi”, jemadari aliye tayari. Luciana, muuguzi wa zahanati, alimsogelea akamnong'oneza kwa heshima kwamba gazeti lilimaanisha mtu aliyesongwa na lawama kila upande. Waliokaa karibu wakasikia, kicheko kikaenda hadi safu ya nyuma. Baba akanigeukia, akaniuliza nani mkweli. Nikajibu, “Mimi nilifundishwa hivyo, baba.” Basi akamwambia Luciana kwamba amemdhalilisha mbele ya watu.

Tangu siku hiyo hakukanyaga zahanati. Dawa za presha zikamwishia. Wiki ya tatu miguu ikavimba, akawa anashika ukuta akienda msalani.

Dada, neno lile lina maana zote mbili, na zote nilizijua tangu alipoweka kidole. Ya jeshi ni ya zamani. Magazeti ya leo hutumia ile ya Luciana. Nilimpa baba iliyo tamu kwa sababu ile nyingine ingemfanya aulize ni nani wanaomlaumu. Mimi ni mmoja wao. Kwenye ile barua ya malalamiko jina langu ni la tatu.

Jana asubuhi nilimweleza yote. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama Luciana anajua kwamba nilidanganya. Nikasema hajui. Akaniambia nitangulie nikamwambie, yeye atakuja nyuma. Nilimkuta Luciana anaita wagonjwa, nikasema mbele ya foleni nzima, huku wazazi wa wanafunzi wangu wakinitazama. Baba akafika na fimbo yake, akamwomba radhi, akanyoosha mkono apimwe. Presha ilikuwa juu mno, lakini dawa amepata.

Jioni alimwita katibu, akamwambia atangaze uchaguzi wa kamati. Mimi nikimwamkia anaitikia, kisha anatazama pembeni.

Ukipata nafasi njoo umwone. Akikuuliza kama nimekuandikia, usinifichie. Wasalimie shemeji na watoto, na unikumbuke katika sala zako.

Mdogo wako mwenye aibu,
Melkiori