Jina Nililolipeleka Kanisani

Maguu, 7 Novemba 1994

Mdogo wangu Tadea,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku kwetu mvua imechelewa lakini miili ina nguvu, Mungu ashukuriwe. Je, goti lako? Na shemeji ameacha kukohoa?

Dagaa nimepokea kutoka kwa Restituta wetu mchuuzi wa samaki, na kile kitabu ulichokifungia humo. Kinanuka samaki hadi leo, lakini sijali. Mdogo wangu, kumbe kuna watu wameishi. Huyu mwimbaji Lidia Kasuga ameeleza maisha yake yote kwa mdomo wake, tangu kuchunga mbuzi hadi kulala kwenye hoteli za Nairobi na Kinshasa. Nasoma huku naanika kahawa, nasahau hata kuigeuza.

Nimejifunza mengi. Alikuwa akitukanwa anakunywa kwanza maji ya vuguvugu, ndipo anajibu. Nami najaribu. Alikuwa na watumishi, lakini upindo wa gauni aliushona mwenyewe, na pasi alipiga mwenyewe. Sasa napiga pasi hata kanga ya shambani. Jirani yangu Mektilda amenicheka: "Mama Nazari, kuna mnunuzi wa kahawa anakuja kukuposa? Wanapita wengi mwaka huu, chagua mwenye gari." Nikanywa maji.

Kwa kuwa amenifaa hivyo, nimemwandika kwenye orodha ya marehemu wa mwezi huu, juu kidogo ya jina la Mama yetu. Kila siku saa kumi baada ya rozari, katekista Placidi anasoma majina na sisi tunaitikia, "Apumzike kwa amani."

Dada yako,
Kunigunda


Lipingo, 15 Novemba 1994

Dada Kunigunda,

Shikamoo. Huku wazima, goti linauma likipenda.

Dada, nani alikuambia yule mwimbaji amekufa?

Juzi meli ilishusha abiria Mbamba Bay, na jana mmoja akafika hapa kwa miguu, mama mtu mzima, viatu vizuri mkononi. Nilimjua kwa picha ya kwenye jalada. Aliomba maji, nikampa kiti. Nikamuuliza anamtafuta nani. Akasema, "Simtafuti mtu. Nafuata wanaoniita."

Anasema yalianza mwanzoni mwa mwezi huu, akiwa kwake Dar es Salaam. Kila siku saa kumi mchana anasikia mtu akilitaja jina lake lote, halafu watu wengi wanaitikia pamoja. Hasikii wanaitikia nini. Alipopanda basi sauti ikasikika zaidi, alipofika ziwani zaidi tena. Usingizi umemwisha, na chakula anakionja tu.

Leo saa kumi nilikuwa naye tunachambua dagaa. Mimi sikusikia chochote. Yeye aliinua kichwa kama anavyoinua mtu aliyeitwa na jirani, akanyoosha kidole milimani, upande wenu. Akasema, "Leo nimelisikia neno. Wanasema nipumzike."

Dada, toa hilo jina. Mwezi usiishe likiwa humo. Kila wanapolisoma anapungua, namwona kwa macho yangu.

Mdogo wako,
Tadea


Maguu, 20 Novemba 1994

Tadea mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Usiniulize hali, mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Barua yako imenifikia jana. Mimi vitabu vya maisha ya watu nilivyosoma ni vya watakatifu, na wote wamekwisha kulala. Sikujua mtu huweza kuwa na kitabu cha maisha yake naye bado anakunywa chai. Nilidhani aliandika kama wosia, wakakitoa baada ya kumzika. Nimemweka mtu hai katikati ya wafu, Tadea, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilikimbilia kwa Placidi. Akaniambia, "Mama Nazari, miaka kumi na tisa nasoma majina haya, hajarudi hata mmoja kudai." Nikamwambia huyu amerudi, yuko Lipingo anachambua dagaa. Alinitazama, akachukua kalamu, akalikata jina kwa mstari.

Jana hiyohiyo saa kumi nilikaa benchi la mbele. Alipofika pale palipokatwa alinyamaza kidogo, kuvuta pumzi tu. Kanisa zima likaitikia, "Apumzike kwa amani." Hakuwa ametaja mtu. Nami niliitikia, mdomo ulifunguka wenyewe. Placidi alitutazama, kisha akamsoma Mama.

Niambie hali yake upesi. Niambie anakula.

Dada yako mkosefu,
Kunigunda


Lipingo, 24 Novemba 1994

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Tarehe kumi na tisa nilimwona akikaa mchangani na gauni lake zuri. Akasema, "Leo hawakunitaja. Wameitikia tu." Mimi nikafurahi, nikamwambia basi mama, umepona, twende ukale. Akatikisa kichwa.

Ndipo akanieleza. Miaka mingi sasa hakuna ukumbi uliomwita. Siku hizi ni disko na kaseti, na bendi yake ilishakufa. Kitabu kile alikiandika ili watu wamtaje, wakanunua wachache. "Halafu nikasikia watu wengi wanalitaja jina langu kila siku bila kuchoka," akasema. "Ungekuwa wewe usingekwenda?" Nikamwambia wanakuita kaburini. Akasema, "Najua wananiita wapi."

Anataka jina lirudishwe. Nimemkatalia, nimemlilia, nimempikia samaki mbasa mkubwa kuliko wote. Leo asubuhi amepanda gari la kahawa pamoja na Restituta, anakuja kwako. Amedhoofika, hata mkoba wake Restituta ndiye aliyeubeba.

Dada, usikubali. Akikupigia magoti usikubali.

Mdogo wako,
Tadea


Maguu, 1 Desemba 1994

Mdogo wangu mpenzi,

Kwanza yu hai. Asubuhi hii amekula uji mabakuli mawili na sasa amelala, anakoroma kama mwanamume. Nimekuambia hilo mbele ili usome mengine bila kutetemeka.

Alipofika alisimama mlangoni, akauliza, "Ni wewe uliyenizika?" Nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, utachafua kanga, na umeipiga pasi vizuri." Nilimwamkia, nikampa maji ya vuguvugu, akacheka. Siku zote alizokaa aliniomba jambo lile moja. Nilimwambia, "Mama, roho yako si shamba langu nililime nitakavyo." Kila saa kumi aligeukia kanisani akisubiri jina, nao wakaitikia tu pale palipokatwa. Jana, siku ya mwisho ya orodha, hakuweza kuinua kikombe.

Nilisali sana, Tadea. Jibu likaja kwa njia ndogo: Placidi alikuwa amekaukiwa na sauti kwa mafua. Nikamwambia Lidia, "Unataka watu wakuitikie. Njoo usome wewe. Asomaye majina ya wafu ni mzima."

Tukamshika mkono, mimi na Mektilda, hadi mbele. Akavaa miwani, akainamia daftari. Mwanzo sauti ilikuwa nyembamba. Jina la tano ilijaa, na la kumi nikaelewa kwa nini walimlaza kwenye hoteli zile.

Akafika pale palipokatwa. Akaweka kidole juu ya mstari, na nikaona midomo yake inafunguka. Tadea, pale sikuweza kusali hata neno. Alikaa hivyo kitambo, na safari hii hakuna aliyeitikia. Kisha kidole kikashuka, akasoma jina la Mama yetu, "Walburga."

Tukaitikia. Lakini sauti ilianzia nyuma yetu, kwenye mabenchi yasiyo na mtu, ikafika hadi kuta za pembeni. Na ikawa hivyo kila jina hadi la mwisho. Hakuinua macho kwenye daftari hata mara moja.

Tulipotoka alikuwa anatokwa jasho, mashavu yana damu. Akaniuliza taratibu kama walikuwa mia ngapi. Nikamwambia sijui.

Na kweli sijui, mdogo wangu. Sisi tulikuwa kumi na wanne. Na katika zile sauti niliisikia ya Mama, akiitikia jina lake mwenyewe.

Dada yako akupendaye,
Kunigunda