Oili Aliyoitia Mfaume

Vihingo, Kisarawe
12 Machi 1954

Shemeji Zahoro,

Sisi wazima, na mihogo imeshika vizuri. Umeuliza kama lori la marehemu kaka yako lina oili, maana utakuja kulichukua eda yangu ikiisha. Oili ipo. Kila asubuhi natoka uani, nafungua boneti, nachomoa kijiti cha kupimia, nakifuta kwa kipande cha shuka yake, nakirudisha, kisha nakichomoa tena, kama Mfaume alivyonionyesha. Inafika alama ya juu.

Jana dada yenu Biasha alinicheka. "Wifi, gari lisilotembea linakunywa oili?"

"Halinywi," nikamwambia.

"Sasa unapima nini?"

Jibu lake nakwambia wewe. Oili ile Mfaume aliitia kwa mkono wake, siku moja kabla hajashikwa na homa iliyomchukua. Kila nikiipima naiona ipo vilevile.

Najua fundi wako wa Kibaha atataka kuimwaga yote atie mpya. Nakuomba mara hii umkatalie. Liendeshe mpaka ipungue, kisha uongeze yako juu ya yake.

Niko ndani, namalizia eda, nakungojea.

Shemeji yako,
Mwamini