Neno Aliloliacha Mezani Mavis Ackroyd

Mama, leo umetimia mwaka tangu uinuke mezani katikati ya mchezo wenu wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno, ukaenda jikoni kuwasha birika, na usirudi. Birika lilichemka likapiga mluzi weee. Baba alidhani unamchelewesha makusudi, maana ulikuwa na tabia hiyo.

Mji mzima wa Todmorden ulikujua kwa koti lako la manjano na kibao chako cha kusimamisha magari. Asubuhi zote za shule ulikuwa pale chini ya kilima, mvua inakunyeshea, ukiwavusha watoto barabara, na kila mtoto ulimpa neno la Kiingereza ambalo hata mwalimu wake hakuwahi kulisikia. Wengi sasa ni watu wazima wenye ndevu zao. Siku ya mazishi walijipanga kanisani kutuambia maneno yao. Fundi bomba mmoja alitushika mikono akasema, "Mimi alinipa ullage. Ile nafasi tupu inayobaki juu ya pipa lisilojaa."

Hukuwa na subira na watu wa klabu ya Alhamisi ya mchezo huo, waliokariri maelfu ya maneno ili wapate pointi tu, bila kujua neno ni mnyama au ni ugonjwa. "Mnayakariri kama namba za simu!" uliwafokea. Nyumbani kwako sheria ilikuwa moja: ukipanga neno na mwenzio akalipitisha, utaje maana yake kwa sauti. Ndiyo maana sisi wanao tunajua kwamba zax ni kifaa cha kukatia mawe ya kuezekea, na yex ni kushikwa na kwikwi. Na mwanao Neville, anayekodolea macho sahani za wenzake kila Krismasi akitumaini kupewa, anajua fika kwamba mchezo wake huo unaitwa groak.

Ulikuwa mkweli mpaka ukaudhi. Ulipolazimika kudanganya, mkono ulikwenda wenyewe kwenye hereni ya kushoto. Uliishika ukimwambia binti yako Janice kwamba daktari wa meno haumizi. Uliishika kila ulipoisifu keki ya Mama mdogo Enid.

Jumapili ile ya mwisho ulipanga herufi zako zote saba kwa mpigo: quelmit. Baba akavua miwani, akaivaa tena.

"Mavis, hilo nalo ni neno?"

"Nipinge basi, kama una ubavu!" ulimjibu ukiwa tayari mlangoni mwa jikoni.

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, na yamemhangaisha mwaka mzima. Wasioujua mchezo tuwaeleze: ukimpinga mwenzio, kamusi inafunguliwa. Neno lisipokuwamo, anaziondoa herufi zake ubaoni na hapati kitu. Likiwamo, wewe ndiye unayepoteza zamu. Baba hakupinga, wala hakucheza. Aliufunika ubao kwa kitambaa cha meza, na ole wake aliyekigusa.

Hakutulia tangu siku hiyo, Mama. Alikuwa akinyoa shavu moja, kisha anashuka ngazi na povu usoni kwenda kuutazama ubao. Alikuwa akitoka kutembea kando ya mfereji, akifika daraja la kwanza anageuza kama mtu aliyesahau kuzima jiko. Alikuwa akila amesimama jikoni. Tulidhani anaitafuta maana ya lile neno, na kila mmoja wetu alimpa yake: ndege, ugonjwa wa kondoo, aina ya jibini. Alitikisa kichwa tu. Krismasi ilipofika, meza ikiwa bado imeshikwa na ubao, tulipakata sahani za bata mzinga magotini, na Janice uzalendo ukamshinda.

"Baba, tunakula kama abiria! Hebu tuuondoe huo ubao."

"Usiuguse. Bado ni zamu yangu."

"Miezi yote hii zamu yako?"

"Mtu haharakishwi kwenye zamu yake. Hiyo kakufundisha mama yako."

Ilikuwa kweli, nasi tukarudi kwenye sahani zetu, mchuzi umeshapoa.

Jumapili iliyopita alikuja Mama mdogo Enid, na unamjua mdogo wako, hana dogo. Hata koti hakuvua. Aliishusha kamusi yako nene kutoka rafuni akaibwaga mezani kando ya ubao.

"Shemeji, leo tunaifungua. Umekonda, hulali, unaizunguka meza hii kama mbwa anayetafuta pa kujikunja. Kama neno limo, limo. Kama halimo, litoke, na wewe upumzike."

Baba akaweka kiganja juu ya jalada.

"Halimo, Enid."

"Kwani umeshaangalia?"

"Niangalie nini? Alishika hereni."

Tuliduwaa, Mama. Wewe? Wewe uliyewafokea watu wa Alhamisi? Janice aliangua kicheko huku machozi yanamtoka.

"Sasa kama ulijua," Janice akauliza, "si ungempinga palepale ukashinda?"

"Nilikusudia kumpinga! Nilimngoja arudi na chai ili nimpinge usoni, nione atakavyonuna." Vidole vyake vilisugua ukingo wa kamusi. "Sasa nikimpinga, nitaziondoa herufi zake kwa mkono wangu huu. Alizipanga mwenyewe zile. Na nikicheza, zamu inakuwa yake. Nikishacheza, Enid, nitafanya nini?"

Mama mdogo aliirudisha kamusi rafuni, akavua koti, akaenda jikoni kuwasha birika.

"Cheza, Wilf," alisema kutoka kule. "Tutamngoja wote."

Baba akaketi, akakiondoa kitambaa. Akazifuta vumbi herufi zake kwa mkono wa sweta. Akaweka Y juu ya E yako na X chini yake.

"Yex," alisema kwa sauti, kama sheria yako inavyotaka. "Kushikwa na kwikwi."

Kisha akakuandikia pointi zako zote, pamoja na zile za ziada za kumaliza herufi saba. Neno likishapitishwa halipingwi tena, na nyumbani kwetu quelmit sasa ni neno halali. Ubao tuliubeba sisi wote kwa pamoja, tukibana pumzi, mpaka dirishani, bila herufi hata moja kuteleza. Tukala mezani. Baba alikula ameketi, akaomba aongezewe viazi.

Tunakukumbuka na kukulilia: mumeo Wilf, wanao Janice na Neville, wajukuu zako, mdogo wako Enid, na watoto wote uliowavusha barabara. Hakuna siku utakayotutoka moyoni. Kwa sheria yako mwenyewe, tunakudai maana. Baba amekwisha kucheza, Mama. Sasa ni zamu yako, na hakuna anayekuharakisha.