Yule wa Ndani Yako, Baba Hezron

Mwaka umetimia, baba yetu Hezron, tangu tukulaze nyuma ya migomba hapa Kawetele. Ndugu zangu wamepoa kidogo. Mimi Sekela, mwanao wa mwisho, bado sijatulia.

Mtu hakufika kwako asiwekewe kikombe cha mtindi, hata yule jirani aliyekuja kukugombeza juu ya mpaka wa shamba la chai. Mgeni akiondoka bila kunywa, ulikifunika kikombe chake ukamsubiri arudi. Mama alilalamika kwamba wageni wanatumalizia maziwa, wewe ukacheka tu.

Miaka kumi na minane ulipima vitambaa katika duka la mama Kusum, Mhindu pale Tukuyu. Jioni aliwasha taa mbele ya picha ya mungu wake Krishna akaimba, nawe ukangoja kufunga milango. Ulirudi ukitusimulia alivyokuambia: mwili unachakaa, akili inapotea, ila ndani ya kila mtu yumo mmoja asiyebadilika, naye ni wa Mungu. Mchungaji akakuuliza kama unabadili dini. Ulimjibu kwamba unasikiliza tu, na Jumapili ukaimba besi yako kwayani kama kawaida.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukakunyang'anya majina yetu. Nilipokuja kutoka Mbeya uliniuliza, "Wewe binti ni wa kwa nani?" Nikakujibu kwa uchungu, "Wewe si baba yangu tena." Nikaondoka nikilia. Siku ya tisa ukafariki.

Tangu hapo maneno ya mama Kusum hayaniachi. Kama yule wa ndani alikuwapo, basi alinisikia. Kama hakuwapo, nilimwambia nani? Nikiwa kazini nawaza hilo, kanisani nawaza hilo.

Juzi kaka Lugano aliniambia jambo alilonificha asiniumize. Siku ile, nilipofika tu barabarani, ulimwita ukamwambia, "Yule binti aliyelia hajanywa. Mfunikieni kikombe chake, atarudi." Na kila asubuhi, siku zote zile, ulikwenda kuangalia kama kipo.

Sijui kama huyo ndiye aliyesemwa na mama Kusum, au ni mazoea tu. Ila nimerudi, baba. Leo nimekunywa.

Unakumbukwa na mkeo Alinanuswe, wanao Lugano, Hellen na mimi Sekela, wajukuu zako, na wanakwaya wenzako.

Daima tutakukumbuka, hata siku tutakapoyasahau majina yetu.