Kufuli Kwenye Swichi Kuu

Chumba cha Mashine,
Kiwanda cha Mikate.

Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi yangu na mabinti. Natumaini mgongo wako umetulia na baridi ya huko haikutesi kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi za stoo, lakini nazipanda. Paa la chumba cha unga lilivuja, tukaliziba. Nimeanza na hayo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, na kwa sababu baada ya aya hii sidhani kama utaendelea kusoma kwa raha.

Ujumbe wako ulinifikia zamani. Nakuomba radhi kwa kuchelewa kuujibu. Naomba kwa kuwa adabu inataka hivyo. Ukimya wenyewe ulikuwa wa makusudi. Nilikuwa nangoja hasira ipungue ndipo nishike kalamu. Haikupungua, kwa hiyo naandika nayo.

Uliniandikia kwenye simu, kwa maneno machache yasiyokuwa hata na nukta, kwamba nimwache kijana wako afanye kazi yake ya umeneja. Kwamba Fundi Nongwa amezeeka na anatafuta visa. Kwamba hakuna aliyekufa. Na kwamba kama kazi imenishinda nikapumzike. Nitakujibu yote isipokuwa hilo la mwisho. Hilo nitakujibu siku tutakayoonana, wewe ukiwa umeketi na mimi nimesimama.

Kwanza nikueleze kilichotokea, maana hicho ulichosimuliwa na mwanao kina mashimo.

Unaikumbuka desturi yetu ya makufuli. Kila anayetengeneza mashine hutundika kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu, kisha ufunguo huuweka mfukoni mwake. Kufuli likiwapo pale, maana yake kuna mtu ndani, au kuna mtu aliyetoka kidogo na atarudi ndani. Hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kulitoa. Msimamizi hana, meneja hana, hata mimi sina. Na unajua desturi hiyo ilitoka wapi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilala umeshika mkono wa baba, ule wenye vidole vitatu, ukimwuliza viwili vilikwenda wapi. Alikuwa akikujibu kwamba viliuzwa pamoja na mikate. Wewe ulicheka kila mara. Yeye sikumwona akicheka hata mara moja.

Asubuhi hiyo mashine kubwa ya kukandia ilikuwa ikikwaruza. Fundi Nongwa aliizima, akatundika kufuli, akafungua kifuniko cha nyuma, upande wa ukutani, akalala chini na kuingiza mkono hadi begani. Mtu aliyelala pale haonekani kutoka mbele. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa kufuli.

Gari la hospitali, lile linalokuja kuchukua mikate ya wagonjwa, lilikuwa mlangoni, dereva anapiga honi. Mwanao akaingia na kishikwambi chake kwapani. Wafanyakazi wanamwita Chapuchapu, na usidhani ni jina la mapenzi. Akauliza kwa nini mashine imelala. Mpanga trei akamjibu, "Bosi, Nongwa hajatoa kufuli lake."

"Nongwa kila siku ana kufuli," akasema mwanao. "Nipeni mkasi."

Hakuna aliyempa. Hilo nalitia kwenye hesabu ya heshima ya watu wetu. Akaenda stoo mwenyewe, akarudi na ule mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, akalikata kufuli na kuwasha.

Fundi aliusikia mkanda ukianza kuvuta, akajirudisha nyuma. Mkono wake ulitoka. Shati halikutoka lote. Mashine ilibaki na mkono wote wa shati, kuanzia begani hadi kwenye kifundo. Akasimama kutoka nyuma ya mashine, bega moja wazi, mweupe kwa unga kama mtu aliyefufuliwa.

Ningependa kukuambia kwamba neno la kwanza la mwanao lilikuwa "pole". Lilikuwa hili: "Sasa mbona hukusema kama uko ndani?"

"Nilisema," fundi akamjibu. "Umeyakata maneno yangu kwa mkasi."

"Usinifundishe kazi mbele ya watu."

"Basi nitafutie pa kukufundishia, maana huko ulikosomeshwa hawakumaliza."

Jibu hilo lilikuwa la utovu wa adabu, na ningemkaripia fundi kwa ajili yake. Ningemkaripia baada ya yeye kuombwa radhi. Mambo yana mpangilio wake.

Mchana wa siku hiyo, watu wakiwa wanakula, mwanao aliandika kwenye lile kundi la simu ambalo wafanyakazi hupongezana humo kwa siku za kuzaliwa. Aliandika kwamba fundi ameachishwa kazi kwa uzembe wa kusahau kufuli kwenye swichi, pamoja na lugha chafu. Akamalizia kwa kuwatakia mchana mwema na kuweka picha ya dole gumba. Mtu aliyeingia kiwandani kwetu na nywele nyeusi alifukuzwa hivyo, katikati ya picha ya mtoto wa mtu na tangazo la viatu. Na alifukuzwa kwa uongo. Kufuli halikusahauliwa. Mpanga trei alimwambia mwanao, na watu wote waliokuwa chumbani walisikia.

Sasa nikujibu. Unasema Nongwa anatafuta visa. Ni kweli. Hatukumpa jina hilo bure. Mimi mwenyewe simpendi. Hulalamikia chai, hulalamikia kiti, na alilalamikia taa ya chooni mpaka nikaibadilisha, ndipo akaanza kulalamika kwamba mpya inamwumiza macho. Lakini kupendeka hakumo katika masharti ya kazi yake. Kurudi kwake jioni akiwa na mikono yote miwili kumo, na sisi ndio tuliotoa ahadi hiyo.

Unasema hakuna aliyekufa. Nimegundua kwamba maneno hayo husemwa na watu waliokuwa mbali na mashine. Umeyaandika kutoka bara jingine, umekaa kwenye kiti chenye mto.

Nilipomwita mwanao nyumbani kwangu na kumwambia aende akaombe radhi, aliniitikia vizuri sana. "Sawa, Shangazi. Nimekuelewa, Shangazi." Kesho yake alimtuma dereva apeleke keki nyumbani kwa fundi. Keki, mdogo wangu, iliyookwa katika tanuri letu, bila neno lolote juu yake wala ndani ya boksi. Mke wa fundi aliirudisha bila kuikata, akamwambia dereva, "Mwambie huyo bosi wako kwamba hapa hakuna mwenye sikukuu."

Kuna jambo jingine ambalo hukuelezwa. Mafundi wadogo sasa hawatundiki makufuli yao. Nimeyakuta kwenye droo, yote pamoja. Nilipouliza, mmoja wao alinijibu kwa upole kwamba hana haja ya kupoteza kufuli zuri. Wameelewa walichofundishwa.

Juma lililopita mpishi mkuu wa hospitali alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Aliweka mezani kipande cha mkate, na kando yake kifungo cha shati, cha rangi ya kahawia, kikiwa bado na uzi. Mgonjwa alikikuta mdomoni.

Mwanao alitabasamu, akamwuliza, "Mama, huko jikoni kwenu wako wangapi wanaovaa mashati?"

"Kijana wangu," mama yule akamwambia, "jikoni kwetu tunavaa magauni ya kufunga kwa kamba mgongoni. Vifungo tulivipiga marufuku kabla wewe hujajua kujifunga vyako."

Nilikuwa mlangoni. Kifungo nilikijua mara moja. Siku ile ya mkasi walitoa shati kwa vipande, wakavuta walichokiona, na kwa kuwa gari lilikuwa likipiga honi hakuna aliyefungua mashine kutazama kilichobaki. Tangu hapo imekanda kila siku. Nilimwambia mpishi ukweli wote mbele ya mwanao, kuanzia kufuli hadi keki. Hakunishukuru, wala hakupaswa. Hospitali imeacha kuchukua mikate yetu, nami katika nafasi yake ningefanya hivyo hivyo.

Baada ya mama huyo kuondoka mwanao aliniambia kwamba nimemwaibisha mbele ya mteja. Nilimwomba anionyeshe ni sentensi gani kati ya nilizosema haikuwa kweli. Alitazama kishikwambi chake. Labda alidhani imo humo.

Mkono ule wa shati ulikuwa na vifungo viwili kwenye kifundo. Kimoja ninacho. Kingine sijui kiliko. Nikamwagiza mwanao aisimamishe mashine na kuifungua yote. Akasema itafunguliwa oda zikipungua. Nikamwuliza ni nani atakayeifungua, ikiwa anayeijua ndani na nje amemfukuza. Akasema ataangalia.

Kwa hiyo jana asubuhi niliingia chumba cha mashine, nikaizima, nikatundika kwenye swichi kuu kufuli la baba, lile la shaba. Ufunguo umo mfukoni mwangu. Watu waliacha trei wakatazama. Mwanao akaja, akaniambia mbele yao, "Shangazi, kufuli hutundikwa na mtu mwenye kazi ndani ya mashine."

Nilifurahi kusikia kwamba desturi anaifahamu. Nikamjibu kwamba kazi ninayo, ni kifungo cha pili. Kisha nikachukua kiti, nikaenda kuketi nyuma ya mashine, upande wa ukutani, mahali ambapo mtu haonekani kutoka mbele. Ndipo ninapoandikia barua hii, na kila nikiweka kalamu chini naingiza mkono kwenye kifuniko cha nyuma kutafuta. Usishangae ukikuta unga kwenye bahasha.

Nilikwenda pia kwa Fundi Nongwa. Alinipokea kwa kulalamika kwamba nimechelewa. Kuifungua mashine yuko tayari. Sharti lake ni kwamba aitwe na yule aliyemfukuza, na aambiwe "nimekosea" pale pale alipofukuziwa. Halafu akakumbuka kwamba hakufukuzwa mahali popote, alifukuzwa kwenye simu, akasema basi iwe mbele ya swichi, na wale waliokuwapo siku ile wawepo. Nimetafuta kosa katika sharti hilo sikuliona.

Najua unachofikiri. Mashine ikilala, mikate haitoki, na fungu lako la faida ya mwezi huu litakuwa jembamba. Litakuwa. Langu pia. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye naye ana fungu lake, nimeshazungumza naye, na yuko pamoja nami, kwa hiyo usijichoshe kumpigia simu za kumbembeleza. Mpigie mwanao. Usimfundishe namna ya kunizunguka, ameshaijua. Mfundishe neno moja ambalo sisi wawili tulilazimishwa kulisema tukiwa wadogo, hata pale ambapo kosa lilikuwa nusu letu, na ambalo inaonekana ulisahau kulifungasha ulipokuwa ukimlea.

Nami nitakuwa mkweli kwako. Mtoto huyo nilimbeba. Nilimfundisha kusoma saa kwa ile ya ukutani hapa hapa kiwandani. Kama angekuwa wa mtu mwingine ningekwisha mwondoa siku ya keki. Usiniombe nimpe zaidi ya hapo.

Nisalimie wifi yangu, umwambie kwamba kitambaa alichonitumia nimekishona na kinanikaa vizuri. Wasalimie mabinti, hasa yule mdogo anayeniandikia kwa mkono wake na kukumbuka kuweka nukta. Majirani wote wanakuulizia; nawajibu kwamba u mzima na una shughuli nyingi. Mungu aulinde mgongo wako, ailinde mikono yako, kumi kwa kumi, na awalinde walio nyumbani mwako wasifikwe na baya kwa haraka ya mtu mwingine.

Mkasi wa kukatia vyuma sikuuficha. Nimeulaza juu ya meza, kando ya swichi, mahali ambapo mwanao anaufikia bila kunyoosha mkono. Tangu jana amepita hapo mara kadhaa. Nasikia viatu vyake vinasimama, kisha vinaondoka. Ama atamwita fundi, ama atakata. Vyovyote atakavyoamua, nitakuandikia akishaamua. Na ukiona barua imeandikwa na mkono usio wangu, utakuwa umejua alichoamua.

Wako akupendaye, ingawa leo si kwa urahisi,

Dada yako mkubwa.