Mitego ya Mbung'o Kule Kithyoko

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Masii tuko wazima, nyanya yako anakusalimu, na bado hakuna mzee anayenishinda kuvaa. Umeniuliza ufanyeje na wanakijiji wanaotaka kung'oa mitego ya mbung'o wa malale mnayotega huko kazini kwenu.

Tulipokuwa tunakaa Kithyoko, watafiti walitundika mitego ya kitambaa cha bluu kando ya mto. Ng'ombe wetu wa kulima walikuwa wanakufa kwa kuumwa na mbung'o, na jirani yetu Nduku akapiga kelele, "Hivi vitambaa ndivyo vinaita mbung'o! Ving'olewe!"

Mimi, msomi wa darasa la nne, nikavaa koti langu la bluu la Nairobi nikaongoza msafara wa kwenda mtoni kuving'oa. Mbung'o wote wakaniandama mimi peke yangu.

Nduku akacheka akashika mbavu. "Si nilisema? Ona huyu, mtego wenye masharubu!"

Mtafiti mmoja aliyekuwa pale mtoni hakumbishia. "Ni kweli mama, bluu inawaita," akasema, kisha akaufungua mtego. Ndani mbung'o walikuwa wamejaa, wamekufa.

Nduku akainama akawachungulia. Halafu akauliza kama anaweza kuwekewa mtego karibu na zizi lake.

Kwa hivyo usibishane nao, mama. Wafungulie mtego, wajionee.

Mungu akulinde huko uliko.

Babu yako, Musyoka